Barua ya wazi kwa Makamu Mkuu wa Chuo: sakafu ya jengo jipya inatuangusha

Mheshimiwa Profesa, shikamoo.

YAH: SAKAFU, NGAZI NA VIGAE VYA KUONGOZA WASIOONA KATIKA JENGO JIPYA LA MIHADHARA

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Mimi ni mwanafunzi wa shahada ya uzamili hapa chuoni. Jicho langu la kushoto halioni kabisa. La kulia linatambua mwanga, kivuli na rangi kali. Natembea kwa fimbo nyeupe. Barua hii ni ya nne kukuandikia juu ya jambo moja, na ni ya kwanza kuiweka hadharani. Zile tatu nilizipeleka masijala kwa mkono wangu, Novemba, Januari na Machi, na nakala zangu zote zina mhuri wa kupokelewa. Ya kwanza niliambiwa kwa mdomo kwamba imefika panapohusika. Ya pili Idara ya Miliki ilinijibu kwa mistari minne kwamba suala liko kwa mkandarasi. Ya tatu haijajibiwa. Jina langu na namba yangu ya usajili vimo kwenye barua hizo. Hapa sikuvitaja kwa sababu ninayoyaandika ni ya wengi, na baadhi yao wanaogopa kuandika.

Jengo lenyewe tulilisubiri kwa hamu. Ukumbi wa zamani ulikuwa unajaa mpaka watu wanasikiliza mhadhara wakiwa wamesimama madirishani, na sisi tusioona tulikuwa tunafika saa nzima kabla ili tupate kiti cha karibu na spika. Jengo jipya lina vyumba vya kutosha, lina lifti, lina vyoo vya watu wenye ulemavu, na kwa hayo tunashukuru. Tatizo liko chini, tunapokanyaga.

Mtu anayeona hutazama mbele, sakafu haimshughulishi. Sisi sakafu ndiyo tunayoisoma. Ncha ya fimbo ikigonga mbao inatoa sauti yake, ikigonga saruji inatoa nyingine, ikipita juu ya zege lililokwaruzwa inanipa habari mpaka kwenye kiganja. Katika jengo hili, toka mlango mkubwa hadi mwisho wa korido ya ghorofa ya tatu, fimbo inateleza juu ya kitu kimoja kisichosema neno.

Malalamiko yetu ni haya.

1. Sakafu inateleza ikiloa.

Vigae vilivyowekwa ni vile vilivyong'arishwa mpaka taa zinaonekana ndani yake. Sebuleni kwa mtu havina ubaya. Hapa vimetandazwa mpaka barazani, mahali ambapo mvua ya upepo inaingia, na kwenye njia ya kutoka vyooni. Kigae cha namna hiyo hakina mkwaruzo. Maji yakiingia kati yake na soli ya kiatu yanabaki pale kama utando, na mguu unaelea juu ya maji badala ya kushika sakafu. Vumbi letu likichanganyika na maji hayo, au sabuni ya kudekia ikibaki bila kusuuzwa, hali inakuwa mbaya zaidi.

Watu wa usafi walilijua hili kabla ya uongozi. Mvua ikianza, mama mmoja wa usafi huenda steshenari ya jirani, akaomba maboksi matupu ya karatasi za A4, akayapasua na kuyatandaza toka mlangoni mpaka kwenye lifti, moja baada ya jingine, upande wenye maandishi ukielekea chini. Anasema upande huo unateleza. Siku ya kwanza fimbo yangu ilipogusa boksi nilidhani kuna takataka njiani, nikataka kulisukuma pembeni, akaniwahi: "Mwanangu, usilitoe, hilo ndilo njia." Tangu siku hiyo nikikanyaga boksi najua nimeshika njia, mpaka litakapoloa na kuchanika. Mama huyo hakuagizwa na mtu, na halipwi kwa kazi hiyo.

Novemba, siku ambayo hakuwa zamu, mwenzetu wa mwaka wa tatu anayetembea kwa magongo mawili alianguka hatua chache kutoka mlangoni. Nilikuwa nyuma yake. Sikuona, nilisikia: mpira wa gongo ulilia kwenye kigae, kisha gongo likagonga ukuta, kisha yeye mwenyewe akafika chini. Alivunjika mkono wa kulia, juu kidogo ya kiganja. Ndio mkono anaoandikia, na ndio unaoshika gongo. Kwa wiki sita hakuweza kuandika wala kutembea, na mtihani wa muhula ule hakuufanya.

Profesa, utelezi wa sakafu unapimika, haubishaniwi. Kuna kifaa chenye mkono unaobembea, na mwisho wa mkono huo kuna kipande cha mpira mfano wa kisigino. Kinaachiwa kikwaruze sakafu iliyoloweshwa, na namba inasomwa. Kwa kipimo kinachotumika Uingereza, sakafu inayopata 36 kwenda juu ina hatari ndogo, kati ya 25 na 35 hatari ya wastani, na 24 kushuka chini hatari kubwa. Wahandisi wa barabara wanakifahamu kifaa hiki, maana hicho hicho hupimia utelezi wa lami. Barua zangu zote tatu ziliomba sakafu yetu ipimwe ikiwa imeloa. Haijapimwa hata mara moja.

2. Ngazi hazionekani, wala hazilingani.

Watu wengi hudhani asiyeona yuko gizani moja kwa moja. Wengi wetu tuna mabaki ya kuona, na mabaki hayo yanatusaidia kama kitu kimepishana rangi na kilicho jirani yake. Vidato vya ngazi kuu ni vya kigae cha kijivu, na ukingo wa kila kidato umewekewa utepe wa alumini unaong'aa, wenye rangi ile ile ya kijivu. Nikisimama juu, ngazi nzima naiona kama ubao mmoja ulioegemezwa. Mwongozo wa ujenzi wa Uingereza unataka kila ukingo wa kidato uwe na mstari wa rangi inayopishana na kidato, upana wa milimita 55, juu na mbele. Ni upana wa vidole vitatu. Hauhitaji fundi kutoka mbali.

Kuna jingine baya kuliko hilo. Mimi na rafiki yangu wa uhandisi ujenzi tulipima vidato vya ngazi ya mashariki kwa rula. Vyote vina kimo cha sentimita 16, isipokuwa cha mwisho kabisa chini, ambacho kina 11. Rafiki yangu alinieleza sababu: ngazi ilimwagwa kwanza, halafu sakafu ya chini ikanyanyuliwa kwa saruji ya kusawazisha na vigae juu yake, na hakuna aliyerudi kusahihisha. Mwenye macho anakigundua kwa kukitazama. Mimi mwili wangu umeshahesabu 16 mara kumi na moja, na mguu unashuka ukitarajia 16 ya kumi na mbili. Unakutana na sakafu kabla ya wakati, goti linapigwa, na mzigo wote unakwenda mbele. Mwalimu wetu mmoja mtu mzima, anayeona vizuri kabisa, naye alijikwaa pale pale Februari.

Utepe wa alumini nao umeanza kubanduka kwenye vidato vinne vya ghorofa ya pili. Ncha ya fimbo inaingia chini yake na kunasa.

3. Vigae vya kuongoza vimewekwa kama pambo.

Mbele ya mlango mkubwa kuna vigae vinane vya njano, vyenye mistari iliyoinuka. Vilipigwa picha siku ya uzinduzi. Ukivifuata vinakupeleka kwenye nguzo. Nguzo yenyewe, zege tupu. Hakuna kigae cha kukuonya kwamba umeifikia, wala cha kukuonyesha pa kugeukia. Ndani ya jengo hakuna kingine hata kimoja: si mbele ya ngazi, si mbele ya lifti, si mezani kwa mapokezi.

Vigae hivi vina lugha yake, na lugha hiyo haijaanza leo. Vilibuniwa na Mjapani Seiichi Miyake mwaka 1965, kwa ajili ya rafiki yake aliyekuwa anapoteza uwezo wa kuona, na vikatandikwa barabarani kwa mara ya kwanza tarehe 18 Machi 1967 katika mji wa Okayama, karibu na shule ya wasioona. Mistari iliyoinuka maana yake ni "nenda, njia iko hivi". Vinundu vya mviringo maana yake ni "simama, kuna jambo mbele": ngazi, ukingo, barabara. Leo kuna kiwango cha kimataifa kinachovihusu, ISO 23599, kilichotolewa mwaka 2012 na kurekebishwa mwaka 2019. Kinundu kinatakiwa kiinuke milimita 4 hadi 5, kiasi cha kuhisiwa na unyayo na ncha ya fimbo bila kumkwaza anayepita, na rangi ya kigae ipishane vya kutosha na sakafu iliyokizunguka.

Ndiyo maana nasema vigae vinane vinavyoishia kwenye nguzo ni vibaya kuliko kutokuwepo. Vinamwambia mgeni asiyeona "nenda", naye anaamini, kwa sababu duniani kote ndivyo vinavyosema. Mwanafunzi mmoja wa mwaka wa kwanza aliviamini wiki yake ya kwanza chuoni. Kovu liko juu ya jicho.

4. Mteremko wa viti mwendo.

Una vigae vile vile vya kung'aa. Kanuni inayojulikana ni kwamba kila sentimita 1 ya kupanda ipewe angalau sentimita 12 za urefu. Wetu, kwa kipimo chetu cha rula na kamba, umepewa 8. Wanaotumia viti mwendo wanausubiri ukauke, au wanabebwa. Kubebwa mbele ya darasa zima ukiwa mtu mzima ni jambo ambalo sitalieleza hapa, lakini naomba ulifikirie.

5. Vitu hivi vilikuwepo kwenye mchoro.

Hili ndilo linaloniuma zaidi. Kabla ya ujenzi tuliitwa kwenye mkutano wa wadau. Mshauri elekezi alibandika michoro ukutani, na kwa kuwa baadhi yetu hatuoni, alitusomea kimoja kimoja: vigae visivyoteleza barazani na kwenye korido, kingo za ngazi zenye rangi, njia ya vigae vya kuongoza toka mlangoni mpaka lifti na mapokezi. Tulipiga makofi. Tulitia saini karatasi ya mahudhurio. Jengo lilipokabidhiwa Oktoba iliyopita havikuwepo, na mtu wa Miliki aliniambia viliondolewa kwenye orodha ya vipimo na gharama, ile wanayoiita BOQ, wakati wa kupunguza bajeti. Tulipoitwa kupongeza tuliitwa. Vilipokuwa vinaondolewa hakuna aliyetuita.

Najua majibu yatakayotolewa, kwa sababu mengine nimeshapewa mlangoni mwa ofisi.

Nitaambiwa fedha imekwisha. Lakini ukuta wa mbele wa jengo umefunikwa vioo, na ukumbi wa mapokezi una dari ya mapambo yenye taa za rangi. Fedha ilikuwepo na ilichaguliwa pa kwenda. Isitoshe, si kila ninachoomba ni cha gharama kubwa. Mwezi Januari nilikwenda Kariakoo na dada yangu tukazunguka maduka ya vifaa vya ujenzi. Mikanda migumu ya kuzuia utelezi, yenye chembe kama za msasa, inauzwa kwa roli, nyeusi na njano. Kingo za ngazi zenye mpira wa rangi zinauzwa kwa mita. Vigae vya saruji vyenye vinundu fundi yeyote anayefyatua pevingi anaweza kuvifyatua akipewa kalibu. Nilivishika vyote kwa mikono yangu.

Nitaambiwa sisi ni wachache. Walioanguka tangu Novemba ninaowajua mimi ni saba, na kati yao wanne wanaona na wanatembea kwa miguu yao miwili. Mmoja alikuwa mjamzito.

Nitaambiwa wenzetu watatusaidia. Wanatusaidia, Mungu awabariki. Bila wao nisingefika shahada hii. Lakini mwenzangu ana vipindi vyake. Nikitaka kwenda maktaba saa mbili usiku sitaki kumpigia mtu simu anishike mkono kama mtoto, ilhali njia ni ya mita mia mbili na ningeweza kuipita mwenyewe kama ingekuwa na alama.

Kuhusu hoja kwamba vigae vya njano vinaharibu mandhari ya jengo, sina la kujibu. Nimekaa na hoja hiyo tangu niliposikia ikisemwa, na sina la kujibu.

Na kama ni sheria, ipo. Sheria ya Watu wenye Ulemavu Na. 9 ya mwaka 2010 inataka majengo ya umma yafikike na watu wenye ulemavu. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu wa mwaka 2006, ambao Tanzania iliuridhia mwaka 2009, unalisema hilo katika Ibara ya 9, na kwenye Ibara ya 24 unazungumzia elimu mpaka ya vyuo vikuu. Mambo haya yanafundishwa katika kitivo chetu cha sheria, ghorofa ya pili ya jengo hili hili.

Kwa heshima, Profesa, tunaomba yafuatayo:

(a) Ndani ya siku 14, barazani, mlangoni na kwenye njia za vyooni kuwekwe mikanda ya kuzuia utelezi au mikeka ya mpira iliyoshikizwa chini, na vidato vinne vyenye utepe uliobanduka virekebishwe. Masika haya hayatusubiri. Na yule mama wa maboksi apewe vifaa vya kazi anayoifanya.

(b) Ndani ya siku 30, sakafu ipimwe utelezi ikiwa imeloa, na namba zitangazwe kwenye mbao za matangazo, na zisomwe kwa sauti kwenye mkutano wa wanafunzi ili sisi nasi tuzipate.

(c) Vigae vya kuongoza, kingo za ngazi zenye rangi, kidato cha mwisho cha ngazi ya mashariki na mteremko vikamilishwe kabla ya muhula kufunguliwa Oktoba. Mwaka mmoja ambao mkandarasi anawajibika kurekebisha kasoro unaisha mwezi huo huo. Kidato kisicholingana, utepe unaobanduka na mteremko mkali ni kasoro za kazi, na tunaomba mkandarasi asimaliziwe fedha yake iliyozuiliwa kabla havijarekebishwa. Vilivyoondolewa kwenye BOQ ni juu ya chuo, si juu yake.

(d) Vigae vya kuongoza visiwekwe tena bila sisi kuitwa. Chama cha Wasioona Tanzania kipo, SHIVYAWATA, lile shirikisho la vyama vya watu wenye ulemavu, ipo, na sisi wanafunzi tupo. Fundi akishavipanga chini, kabla ya kuvigandisha, tuitwe tupite juu yake na fimbo zetu. Ni kazi ya nusu saa. Ingefanyika mara ya kwanza, ile nguzo tungeisema.

(e) Tupewe maandishi yanayoonyesha nani aliidhinisha vifaa hivi kuondolewa, na lini.

Vile vigae vinane vya njano vinavyoelekea kwenye nguzo, tunaomba vibanduliwe hata leo. Havihitaji bajeti.

Nipo tayari kuja ofisini kwako siku yoyote utakayonipangia. Na kama utapata nafasi, naomba tupite pamoja toka mlango mkubwa mpaka ukumbi namba tatu, siku ya mvua, mimi nikiwa mbele na fimbo yangu na wewe nyuma yangu.

Wako katika ujenzi wa taifa,

Mwanafunzi wa shahada ya uzamili,
kwa niaba yangu na ya wenzangu 23 waliotia saini au dole gumba kwenye barua ya Machi.

Nakala:
Mwenyekiti wa Baraza la Chuo
Mkurugenzi wa Miliki
Mshauri wa Wanafunzi
Kitengo cha Wanafunzi wenye Mahitaji Maalumu
Serikali ya Wanafunzi